Soko la utabiri lilimshika Cuomo, kura zikaenda kwa Mamdani. Hizi bei za michujo ya Marekani zinapikwa na nani?

#1 Mbeba Mikeka
Habari za muda huu wakuu.

Mimi ni mtu wa mpira, siasa za Marekani nimezivamia kupitia kubeti. Kila nikisoma kuhusu haya masoko ya utabiri (Polymarket, Kalshi, na zamani PredictIt), ambako unanunua mgombea kwa senti kadhaa na akishinda unalipwa dola moja, nakutana na wimbo uleule: bei haidanganyi, kwa sababu anayeweka hela yake hasemi uongo.

Sasa nielezeni. Mchujo wa Democratic wa umeya wa New York, Juni 2025. Miezi yote soko linamwona Andrew Cuomo, gavana wa zamani, kama mshindi, Zohran Mamdani anauzwa bei ya kutupa. Tarehe 24 kura zikahesabiwa, usiku uleule Cuomo akampigia simu ya pongezi. Matokeo ya mwisho 56.4 kwa 43.6.

Na huyu si wa kwanza. Duru za pili za michujo ya vyama kule zimejaa vituko hivi. Hoja yangu: kwenye mechi za namna hii bei ya soko ni ushabiki uliovalishwa suti, haina cha zaidi. Nipingeni kwa hoja, matusi wekeni akiba.

#2 Kahawa Chungu
Nimewahi siti ya mbele. Wenye nondo zao washushe.

#3 Mnyamwezi wa Houston
Mkuu hoja inajadilika ila mfano umepotea njia. New York haina duru ya pili kwenye mchujo wa meya. Novemba 2019 wapiga kura waliamua watumie kura ya kupanga: unaweka wa kwanza mpaka wa tano, anayeshika mkia anatolewa, kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, mpaka mmoja apite nusu. Kabla ya hapo duru ya pili ilikuwepo kweli. Mwaka 2013 jiji lilitumia kama dola milioni 13 kuwarudisha watu vituoni wachague kati ya Letitia James na Daniel Squadron kwa kiti kimoja tu, cha mtetezi wa umma.

Duru ya pili yenyewe iko Texas, Georgia, Alabama, Mississippi na majimbo mengine machache, mengi ya kusini. Huko usipopita nusu, wawili wa juu wanarudi ulingoni baada ya wiki kadhaa. Texas 2022 duru ya kwanza ilikuwa 1 Machi, ya pili 24 Mei. Hesabu wiki hapo. Humo katikati ndimo bei zinapopata wazimu.

#4 Kisauni Original
Hii story ya Mamdani naipenda, kijana wa Dar kuchukua New York si mchezo.

#5 Ssalongo wa Ntinda
@Kisauni Original taratibu. Zohran alizaliwa Kampala, 1991. Aliyekaa Dar ni baba yake, Profesa Mahmood, alifundisha Mlimani miaka ya sabini. Mkitaka kugawana, nyinyi chukueni baba, sisi tunabaki na mtoto.

#6 Kisauni Original
Haya, Waganda mmeshinda. Mimi Mombasa sina hata mjomba kwenye hiyo familia.

#7 Bwana Odi
Turudi kwenye mada. Mleta uzi unafanya kosa la kila mtu wa mkeka. Soko likimpa Cuomo senti 75 halijasema atashinda. Limesema kwenye chaguzi mia zinazofanana na hii, ishirini na tano atapigwa. Kulipima kwa uchaguzi mmoja ni kumlaumu mtabiri wa hali ya hewa aliyesema mvua asilimia 30 na wewe ukalowa.

Pili, angalia tarehe za bei unayoishika. Mamdani na mgombea mwenzake Brad Lander walikubaliana kuidhinishana 13 Juni, kesho yake kura za mapema zikaanza. Tafiti nyingi za maoni zilikuwa na Cuomo mbele. Wapima maoni wa Emerson wakatoa utafiti wao siku moja kabla ya uchaguzi: Cuomo anaongoza chaguo la kwanza, lakini kura zikihamishwa Mamdani anamaliza na 51.8. Bei zikayumba siku hiyohiyo. Soko lilikuwa linasoma karatasi zilezile ulizokuwa unasoma wewe. Karatasi zilipobadilika, nalo likabadilika.

#8 Mbeba Mikeka
@Bwana Odi hiyo ndiyo kinga ya wachambuzi wote duniani. Akishinda, tulisema. Akipigwa, ile 25 ilikuwepo. Huwezi kukosea maisha yako yote.

Halafu umenijibia. Kama soko linasubiri utafiti utoke ndipo liyumbe, basi mwenye akili ni utafiti. Soko ni mwangwi.

#9 Mzee Kondo
Vijana mnazunguka. Mimi nilicheza PredictIt enzi zake nikiwa shule kule, na nawaambia bei zilikuwa zinapindishwa na makato, hakuna siri nyingine.

PredictIt ilikuwa mradi wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand. Wasimamizi wa Marekani, CFTC, waliwapa barua ya kuwaachia 2014 kwa masharti: mtu mmoja asizidi dola 850 kwenye mkataba mmoja, na mkataba mmoja usizidi watu 5,000. Juu ya hapo wenyewe wanakata asilimia 10 ya faida, na unapotoa pesa asilimia 5.

Sasa chukua kalamu. Duru ya pili, mgombea wako ana uhakika, anauzwa senti 95. Unanunua, anashinda, unapewa dola moja. Faida senti 5, wanakata nusu senti. Umebaki na 99.5. Unatoa, wanakata asilimia 5. Mkononi 94.5. Umeshinda na umepata hasara. Nani mwenye akili timamu atanunua? Kwa hiyo bei inakwama chini ya hapo, na yule anayekwenda kupigwa anabaki anauzwa senti 7 au 8 kana kwamba ana nafasi. Mtu wa nje anaangalia anasema soko linaona maajabu. Soko linaona makato.

#10 Kahawa Chungu
Mzee Kondo umetisha. Nimeipiga kwa kalkuleta na kweli.

#11 Bwana Odi
Hesabu sahihi, ila ongeza jambo moja. Ile asilimia 5 unakatwa ukitoa tu. Mtu anayeacha pesa humo na kuzungusha kwenye mikataba mingine anaikwepa kwa muda mrefu. Ndiyo maana kulikuwa na watu wananunua 95 na hawakuwa wajinga. Lakini lile sharti la 850 ndilo baya zaidi. Ukijua kwa hakika bei ni ya uongo, huna ruhusa ya kuweka mzigo wa kutosha kuinyoosha. Wajuaji wanafungwa kamba kwenye 850, na washabiki nao 850. Basi wingi wa washabiki unashinda.

#12 Mnyamwezi wa Houston
Makato sawa, ila hayo yanagusa bei za pembeni, zile za 5 na 95. Kinachovuruga bei za katikati ni nani atarudi kupiga kura.

Mimi napiga kura hapa. Texas hakuna kujiandikisha kwa chama. Ukifika unaulizwa unataka karatasi ya chama gani, na ukishachukua ya Republican duru ya kwanza huwezi kwenda kuchukua ya Democratic ya pili. Machi foleni ipo. Mei ukienda unakuta mashine zimepangwa, kiyoyozi kinavuma, mzee msimamizi anafunga gazeti lake ukiingia kama vile umemkatisha. Anakuuliza chama, anakuchapia karatasi yenye majina mawili na nafasi tupu kibao, unabonyeza, umemaliza kabla jasho la nje halijakauka. Wengine waliokuwepo ni wazee na watu wenye fulana za kampeni.

Hao ndio wanaoamua. 2012 mchujo wa Seneti wa Republican, David Dewhurst, naibu gavana, tajiri, aliongoza duru ya kwanza kwa 44.6, Ted Cruz 34.2. Wapiga kura walikuwa kama milioni 1.4. Duru ya pili ikaangukia 31 Julai, jua la kuchoma lami, wakarudi kama milioni 1.1. Cruz 56.8. Waliobaki nyumbani ni wa Dewhurst. Wenye hasira ndio wanaorudi. Sasa hilo hulioni kwenye utafiti, kwa sababu kila mtu kwenye simu anasema atapiga kura.

#13 Binti Malindi
Kaka Mnyamwezi, nadharia yako ya wenye hasira ni nzuri mpaka ufike Mississippi.

2014, seneta Thad Cochran, mzee aliyekaa kitini tangu miaka ya sabini. Mpinzani Chris McDaniel, ndiye mwenye watu wa hasira. Duru ya kwanza 3 Juni: McDaniel 49.5, Cochran 49.0. Kila mchambuzi akasema mzee amekwisha, duru ya pili ni ya wenye moto. Ikawaje? Idadi ya wapiga kura ilipanda badala ya kushuka, kutoka zaidi ya 310,000 hadi zaidi ya 380,000. Kambi ya Cochran ilikwenda kwa Wamarekani weusi, watu wa Democratic, ikawaomba. Sheria pale inaruhusu, mradi hukupiga kwenye mchujo wa Democratic. Mzee akapita kwa kama kura 7,600.

Kwa hiyo kura za pili zinapungua, isipokuwa zinapoongezeka. Weka bei hapo.

#14 Mnyamwezi wa Houston
Binti Malindi, hiyo ni jimbo moja, mwaka mmoja.

#15 Binti Malindi
Na Cruz ni jimbo moja, mwaka mmoja.

#16 Kahawa Chungu
🔥🔥 Nani ana popkoni

#17 Sungusungu wa Shinyanga
Mbona mnasahau Georgia? Warnock na Ossoff, 5 Januari 2021, duru ya pili iliyowapa Democratic udhibiti wa Seneti.

#18 Mnyamwezi wa Houston
Ile ilikuwa duru ya pili ya uchaguzi mkuu, vyama viwili tofauti. Hapa tunazungumzia ndugu wa chama kimoja wanatoana macho. Ni mchezo mwingine, maana kwenye uchaguzi mkuu unajua Republican atampigia Republican. Kwenye mchujo hujui lolote.

Ila Georgia ina mfano mzuri zaidi, 2018. Mchujo wa gavana. Casey Cagle 39, Brian Kemp kama 25 na nusu. Pengo la kutisha. Duru ya kwanza 22 Mei, ya pili 24 Julai. Katikati, mgombea aliyeshika nafasi za chini, Clay Tippins, akatoa sauti aliyomrekodi Cagle kwa siri, Cagle akikiri kwamba alipitisha muswada wa elimu anaoujua ni mbaya, kisa hesabu za kisiasa. Halafu 18 Julai Trump akamuidhinisha Kemp. Siku sita baadaye Kemp 69, Cagle 31.

Anayenunua Cagle usiku wa 22 Mei alinunua mtu tofauti na aliyepigwa Julai.

#19 Mbeba Mikeka
Asante mkuu, umenichotea maji kwenye kisima changu. Dewhurst aliongoza, akapigwa. Cagle aliongoza, akapigwa. McDaniel aliongoza, akapigwa. Aliyeongoza duru ya kwanza ni mtego.

#20 Bwana Odi
Unachagua maembe mabivu tu. Roy Moore aliongoza mchujo wa Seneti Alabama Agosti 2017, 38.9 kwa 32.8 za Luther Strange. Trump akamuidhinisha Strange, akaenda mpaka Huntsville kumnadi. Moore akashinda 54.6. Ken Paxton 2022, kinyang'anyiro cha mwanasheria mkuu Texas, aliongoza 42.7 dhidi ya 22.8 za George P. Bush, akamaliza na 68. Tommy Tuberville, Seneti ya Alabama tena, aliongoza kidogo mbele ya Jeff Sessions 2020, akammaliza kwa zaidi ya 60.

Na hapo hapo kauli ya "Trump akiidhinisha imekwisha" imekufa Huntsville.

#21 Mzee Kondo
Huyo Sessions na Tuberville ndiye shahidi wangu mwingine. Duru ya pili ilipangwa 31 Machi 2020. Corona ikaingia, wakaisogeza mpaka 14 Julai. Aliyenunua mapema Machi akitegemea mwisho wa mwezi analipwa, pesa yake ikalala miezi mitatu na nusu zaidi. Kulala kwa pesa nako kuna bei. Hata bila makato, wengi hawapendi kununua kitu cha 97 na kusubiri senti tatu kwa robo ya mwaka na presha ya moyo juu. Kwa hiyo bei inashuka, na nyie mnaisoma kama wasiwasi juu ya mgombea.

#22 Mpemba wa Maskati
Assalaam alaykum. Mnajadili ufundi, hamuulizi wacheza kamari ni kina nani. Huku Ghuba nafanya kazi na vijana wa kila taifa, wengine wanacheza hivi vitu vya sarafu za kidijitali wakitoka zamu. Hajui Alabama iko juu au chini ya ramani. Anamjua Trump. Basi jina analolijua ndilo analonunua. Cuomo alikuwa gavana, baba yake alikuwa gavana, jina limejaa kwenye habari miaka. Mamdani nani alimjua Januari? Bei ya soko la dunia ni kipimo cha umaarufu duniani, mpiga kura wa Queens hayumo humo.

#23 Kisauni Original
Shekhe, kwanza kamari ni haramu, pili umejuaje bei zake? 😂

#24 Mpemba wa Maskati
Kuangalia si kucheza. Hata samaki nawaangalia Feri na sinunui.

#25 Nesi wa Minnesota
Mpemba ana hoja ila siku hizi Wamarekani wenyewe wamo. Kalshi walishinda kesi dhidi ya CFTC Septemba 2024 na mwezi uliofuata mahakama ya rufaa ikakataa kuwazuia, hapo ndipo mlango wa kubeti uchaguzi ukafunguka hapa. Kazini kwetu zamu ya usiku watu wanafungua simu kwenye chumba cha chai kuangalia mistari inapanda na kushuka. Yule anayejiona bingwa ni fundi wa eksirei. Nilimuuliza mchujo wa jimbo letu ni lini, hakujua. Anaangalia mstari, ukipanda ananunua, ukishuka anauza. Kwake majina ya wagombea ni kama rangi za jezi.

Sasa watu wa namna yake wakiwa elfu kumi, bei inakwenda wapi? Inakwenda ilikokuwa inakwenda jana.

#26 Bwana Odi
Dada Nesi, hao ndio wanaolisha wajuaji. Fundi wa eksirei akiipandisha bei kipumbavu, mtu mwenye taarifa anamuuzia. Mwaka 2024 Mfaransa mmoja aliyejiita Théo alilipia utafiti wake binafsi, akawauliza watu majirani zenu watampigia nani badala ya wewe utampigia nani. Akaondoka na kama dola milioni 85 kwa ushindi wa Trump. Huyo hakufuata mstari, aliuvuta.

#27 Binti Malindi
Na kabla hajashinda si ndiye mliyemuita nyangumi, mwenye mzigo mkubwa anayepotosha bei? Magazeti yote yaliandika kuna mtu anamwaga mamilioni kumpandisha Trump makusudi. Aliposhinda akawa mjuaji. Angepigwa angebaki mpotoshaji.

Tena huyo ni urais, kuna mamilioni ya kununua na kuuza. Mchujo wa jimbo la ubunge ni dimbwi la maji ya kifundo cha mguu. Niliwahi kufungua mmoja: anayetaka kununua anatoa 61, anayeuza anataka 70. Katikati senti tisa hakuna mtu. Skrini inakuonyesha "asilimia 65", wastani wa watu wawili ambao hawajakubaliana. Ukiweka oda ya dola mia tano bei inaruka mpaka 74 na kesho yake chombo cha habari kinaandika "soko lambeba fulani".

#28 Kahawa Chungu
Hapo sasa. Kumbe mtu anaweza kununua kichwa cha habari kwa dola mia tano. Bei poa kuliko bango.

#29 Mnyamwezi wa Houston
Hilo la Binti Malindi nalikubali bila ubishi, na wagombea wanajua. Duru ya pili kinachotafutwa ni wafadhili wa yule wa tatu aliyetoka. Ukionekana unaongoza sokoni, simu zinapokelewa.

#30 Sungusungu wa Shinyanga
Kuna na wale wa ndani. Kampeni zina tafiti zao za siri. Kijana wa kampeni akiona namba za usiku, nani anamzuia kununua kabla hazijavuja? Januari 2026 akaunti moja Polymarket ilivuna zaidi ya dola laki nne kwa kubeti Maduro, rais wa Venezuela, ataondoka madarakani, mzigo umewekwa muda mfupi kabla hajakamatwa. Watu wakauliza alijuaje. Kwa hiyo bei ikiruka ghafla usiku bila habari yoyote, mimi naifuata.

#31 Mbeba Mikeka
Au ni fundi wa eksirei kakosa usingizi.

#32 Nesi wa Minnesota
😂😂 Muacheni.

#33 Kisauni Original
Wasee, fikiria soko kama hili kwa mchujo wetu. Aprili 2017 Jubilee walianza mchujo, karatasi za kura zikaisha sehemu nyingi, watu wakazua vurugu, chama kikasimamisha na kupanga tarehe upya. Aliyebeti siku hiyo analipwa nini? Nusu ya kura?

#34 Mzee Kondo
Na sisi je? CCM wajumbe wanapiga kura za maoni, unaongoza kwa kishindo, watu wanakubeba juu juu, halafu vikao vya juu vinakaa na jina linalorudi ni la mshindi wa tatu. 2020 yaliwakuta wengi tu. Soko la utabiri kwetu lingebidi liwe na mikataba miwili: nani atashinda, na nani atapitishwa. Bei zake zisingefanana hata kidogo.

#35 Kahawa Chungu
Mkataba wa pili wajumbe wenyewe wangeununua wote.

#36 Bwana Odi
Mnacheka ila hapo mmegusa kitu kikubwa kuliko vyote: masharti ya kulipa. Huko kwao pia watu wanaliwa kwa kutosoma. Katikati ya 2025 Polymarket kulikuwa na mkataba kama Zelensky atavaa suti kabla ya Julai. Akatokea na vazi ambalo vyombo vya habari vingi viliita suti. Zaidi ya dola milioni 200 zilikuwa zimezungushwa humo. Wanaoamua mgogoro ni wenye sarafu ya kidijitali iitwayo UMA, wanapiga kura kwa uzito wa sarafu zao. Wakasema hapana. Waliokuwa na "Ndiyo" wakachanika.

Kwenye duru ya pili swali ni hili: unalipwa usiku wa matokeo, au matokeo yakiidhinishwa, au kura zikirudiwa kuhesabiwa? Jimbo la ubunge la 28 la Texas, mchujo wa Democratic 2022, Henry Cuellar na Jessica Cisneros. Uchaguzi 24 Mei, kuhesabu upya kukaisha 21 Juni, tofauti kura 289. Karibu mwezi mzima mtu ana "Cuellar" mkononi hajui kama ni pesa au karatasi.

#37 Sungusungu wa Shinyanga
Na huko kutoa pesa nako ni mtihani. Mimi nilinunua dola za kidijitali kwa dalali wa mtandaoni, nikatuma kwa simu, akaniambia subiri uthibitisho. Nimesubiri mpaka uchaguzi wenyewe ukapita. Mgombea niliyemtaka alishinda.

#38 Kisauni Original
Pole sana ndugu. Ulipatia utabiri wa Marekani, ukakosa wa dalali.

#39 Ssalongo wa Ntinda
Kampala ile wiki ya Juni watu wa bodaboda stendi ya kwetu walikuwa na uhakika Zohran anashinda. Hakuna aliyekuwa na utafiti. Nikawauliza kwa nini, mmoja akaniambia "kwa sababu ni wa kwetu". Sasa hawa walikuwa sahihi kuliko soko. Tuwaweke kundi gani?

#40 Bwana Odi
Kundi la wenye timu moja. Wangesema hivyo hivyo kama angepigwa.

#41 Ssalongo wa Ntinda
Kama Mbeba Mikeka alivyokwambia #8, hiyo ni kinga yako.

#42 Mzee Kondo
Mimi nabaki kwenye makato na pesa kulala. Hayo yanapimika, mengine ni porojo za kijiwe.

#43 Binti Malindi
Shikamoo mzee. Polymarket wakati ule kwenye mikataba ya uchaguzi hawakukata hata senti, na kikomo cha 850 hakikuwepo. Na mchujo wa New York haukuahirishwa hata siku moja. Sasa Cuomo alibaki juu miezi yote ile kwa makato gani?

#44 Mzee Kondo
Marahaba. Hilo muulize Mpemba.

#45 Mpemba wa Maskati
Mimi nilishasema, jina.

#46 Mnyamwezi wa Houston
Jina halikumsaidia George P. Bush, baba mkubwa rais, babu rais. Ni wapiga kura wapya wa New York ambao hakuna aliyewahesabu.

#47 Bwana Odi
Ilikuwa ile 25.

#48 Mbeba Mikeka
😂 Haya. Mwenye bei za mchujo unaofuata azitupie hapa wiki mbili kabla, kila mmoja aandike namba yake kwanza, ndipo turudi kubishana.